Nyaya mpya kwenye Land Rover ya zamani

Land Rover yangu, pikapu ya Series III, ilikuwa imepitia mikononi mwa mafundi umeme wengi, kila mmoja na nyaya zake. Ukiwasha indiketa, honi inalia. Siku moshi ulipotoka nyuma ya dashibodi, nilichomoa betri nikaamua: zote nje.

Kwanza niliuziwa seti ya nyaya za "gari lolote", bei poa. Nikairudisha. Rangi zake hazikulingana na kitabu cha gari, kinachofuata rangi za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari: kahawia inatoka moja kwa moja kwenye betri, nyeupe ni ya swichi ya kuwashia, kijani imeshapita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Nikatafuta seti ya Series III yenyewe, ghali kidogo, nikaongeza relei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) ili mzigo wa taa kubwa usipite kwenye swichi.

Kabla ya kung'oa nilipiga picha na kufunga kikaratasi chenye jina kwenye kila ncha. Kazi ya siku mbili ikala nne.

Nikawasha. Nikikanyaga breki, indiketa ya nyuma nayo inawaka kwa mbali! Nikailaani seti bure. Kumbe rangi niliyopaka bodi ilikuwa chini ya boliti ya ethi, umeme ukawa unarudi kupitia balbu nyingine. Nikasugua kwa msasa mpaka alumini ikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Breki ikawaka peke yake.

Honi sasa inalia nikiibonyeza tu.