Nyimbo za Kujaziwa Kwenye Memori Kadi na Haki ya Aliyezitunga

Kila mjadala wa wizi wa kazi za muziki unapozuka, hoja moja haikosekani: kwamba msanii hapati hasara wimbo wake ukisambazwa bure, kwa kuwa kusambazwa kwenyewe ni matangazo, na faida yake ataivuna jukwaani. Naisikia kwa wasikilizaji, kwa madijei, na hata kwa wasanii chipukizi ambao hupeleka nyimbo zao wenyewe kwenye tovuti za kupakulia ili wasikike. Siipuuzi, maana ina ukweli ndani yake; lakini ukweli huo unamhusu mwimbaji mwenye jina, anayealikwa kwenye matamasha na kupewa mikataba ya kutangaza bidhaa. Mtunzi wa mashairi ya taarabu asiyepanda jukwaani, mpiga gitaa wa bendi ya dansi aliyekwishazeeka, mjane wa mwanamuziki aliyeachiwa nyimbo na watoto: hao wataalikwa kwenye tamasha gani?

Biashara yenyewe tunaiona kila siku. Karibu na kituo cha daladala pana kibanda chenye spika nje na kompyuta ndani. Mteja hutoa memori kadi au flashi, hutaja anachotaka, iwe singeli, taarabu au dansi la zamani, na baada ya dakika chache huondoka na mamia ya nyimbo kwa fedha kidogo sana. Zifungue nyimbo hizo kwenye simu uzitazame. Mahali panapotakiwa kuwa na jina la msanii, mara nyingi pameandikwa anwani ya tovuti iliyozipandisha. Picha ya jalada imefunikwa na nembo ya tovuti hiyo hiyo. Jina la mtunzi halipo kabisa. Nyimbo za bendi ndizo zenye hali mbaya zaidi, kwani nyingine hubaki na jina kama “Zilipendwa 14”, bila bendi, bila mwimbaji, bila mwaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki za kiuchumi, yaani za kunufaika na kazi yake, na haki za kimaadili, ambazo ndani yake imo ya kutambuliwa kwa jina. Faili la namna hiyo limezivunja zote kwa pamoja, na mimi hiyo ya jina ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hata siku mfumo wa kulipa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumiwa, ukinyooka, fedha za “Zilipendwa 14” zitapelekwa kwa nani?

Jambo hili halikuja na intaneti. Kwa miaka mingi bendi zetu zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikasikika nchi nzima, na kanda zikadurufiwa madukani bila mwenye wimbo kushirikishwa, ingawa sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966. Baadaye zikaja zama za kuchoma CD. Mwaka 2013 Serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, hatua niliyoiunga mkono na ninayoiona hadi leo kuwa ya nia njema, ila stempu hubandikwa kwenye kasha, na tayari watu walikuwa wanaanza kuhamia kwenye memori kadi isiyo na kasha.

Wapo wanaotaka sheria imshukie kila anayerushiana nyimbo na wenzake kwenye simu. Hapo natofautiana nao, na sababu yangu iko Marekani, ambako njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Napster, huduma ya watu kupeana faili za nyimbo bure kwenye intaneti, ilipoanza mwaka 1999, kampuni za kurekodi ziliishtaki, kundi la Metallica nalo likafungua kesi yake mwaka 2000, na mwaka 2001 huduma ile ikafungwa kwa amri ya mahakama. Watu wakahamia kwenye programu nyingine. Kuanzia mwaka 2003 kampuni hizo zikawageukia wasikilizaji mmoja mmoja, na mwanamke mmoja wa Minnesota akajikuta anadaiwa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Kilichowapunguza wapakuaji hakikuwa woga wa kesi kama ile, bali kupatikana kwa nyimbo halali kwa njia nyepesi: kwanza duka la iTunes, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuuza wimbo mmoja kwa senti 99, kisha huduma za kusikiliza moja kwa moja kama Spotify.

Kwetu huduma hizo zinagota kwenye bando. Anayenunua bando la siku kwa kujibana hawezi kulimaliza kwa kusikiliza wimbo ule ule mara kumi, ilhali faili lililomo ndani ya simu hulia hata shambani kusiko na mtandao. Kwa hiyo anayekwenda kibandani hatafuti tu cha bure, kwani pale pia analipa. Anatafuta wimbo atakaokaa nao. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzishwa Nairobi na kuorodheshwa katika soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, ililielewa hilo, ikaruhusu watu wapakue nyimbo bure kihalali huku mapato ya matangazo yakigawanywa na wasanii. Sidai kwamba fungu linalomfikia msanii linatosha, lakini angalau anajulikana ni nani anayedai.

Nguvu za dola, kwa maoni yangu, zielekezwe kwa anayeingiza fedha: mwenye tovuti anayevuna matangazo kwa nyimbo za watu, na baada yake mwenye kibanda, ambaye afadhali apewe leseni yenye ada anayoimudu kuliko kunyang'anywa kompyuta leo na kuirejesha kesho. Leseni hiyo iwe na sharti la kuacha majina ya wasanii na watunzi katika kila faili. Familia za wanamuziki wa zamani nazo zisisubiri kutafutwa, bali zikasajili kazi hizo COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini, wakati wale wanaokumbuka nani alitunga nini bado wako hai. Hakimiliki hapa Tanzania hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Nyimbo za aliyefariki mwaka 1990 zinalindwa mpaka mwaka 2040, na watoto wake wana haki ya kuzidai hata sasa.