Wajinga Huendelea Mbele: Tafakari ya Juma kwa Wanaoshuka Korongoni

"Mtu mwenye busara huyaona mabaya na kujificha, bali wajinga huendelea mbele wakaumia." (Mithali 22:3)

Bwana asifiwe, wapendwa.

Msimu wa safari za vijana na ushirika umefika. Orodha zinazunguka baada ya ibada, nauli inatumwa kwa M-Pesa kidogo kidogo, na mahali ni pale pale: msitu wa Karura kwa wasiotaka kutoka Nairobi, korongo la Ol Njorowa katika hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, maporomoko ya Thomson kule Nyahururu, na milima ya Nyandarua kwa wenye mapafu. Safari ni njema, tuendeni. Lakini andiko la juma hili linagusa mahali panapotuuma. Makanisani kwetu kusonga mbele huimbwa, na anayerudi nyuma huombewa. Mithali imelipindua jambo hilo: anayeendelea mbele ndiye mjinga, na anayejificha ndiye aliyeona.

Korongoni maneno haya hayahitaji mfasiri. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla ndani ya Ol Njorowa yaliwakumba vijana wa kundi la kanisa waliokuwa matembezini, na saba wakafa. Septemba 2019 maji yalirudi yakaua watalii pamoja na mwongozaji wao. Tazama miezi hiyo. Aprili ni katikati ya masika na kila mtu huijua. Septemba je? Ni mwezi ambao wengi wetu hatubebi hata mwavuli.

Mvua inayoua korongoni mara nyingi hainyeshi juu ya korongo. Hunyesha kule juu mto unakotoka, kilomita kadhaa mbali, kwenye miteremko ambayo aliye chini haioni. Ardhi ya Bonde la Ufa imejaa jivu la volkeno lililogandamana kuwa mwamba laini, na pale ambapo majani ni haba maji hayapati cha kuyashika. Vijito vidogo vinakutana, vinaingia mfereji mmoja, na mfereji unabanwa na kuta hadi mahali pengine mtu akinyoosha mikono anakaribia kuzigusa zote mbili. Maji yaliyokuwa ya kifundo cha mguu katika uwanda mpana huwa ya kifua katika mlango huo mwembamba. Wakati huo wote utepe wa anga juu ya kichwa chako unaweza kuwa samawati safi. Ndiyo maana "hakuna mvua hapa" si jibu. Ulizeni askari wa hifadhi langoni: jana usiku kulinyesha wapi? Asubuhi hii mawingu yako upande gani? Akisema korongo limefungwa, msimtafute mwingine wa kumshawishi.

Kuta zenyewe zinashuhudia. Ol Njorowa ilichongwa na maji yaliyokuwa yakitoka katika ziwa kubwa la kale lililojaza bonde la Naivasha, na mng'ao ule laini wa kuta ambao watu huupapasa wakipigwa picha ni kazi ya mkono huo huo. Ukishuka, inua macho utafute nyasi kavu, vijiti na matambara yaliyokwama kwenye matawi au kwenye nyufa juu ya kichwa chako. Hiyo ndiyo alama ya gharika iliyopita. Chochote kilicho chini yake ni kitanda cha mto, hata kama leo kinatoa vumbi.

Hapo ndipo Mathayo 7 inaposomeka upya. Tumezoea kumcheka mtu aliyejenga juu ya mchanga kana kwamba alikuwa kipofu. Lakini katika nchi ya makorongo makavu, mchanga ndio mahali pazuri kuliko pote: umesawazika, hauna mawe, ni rahisi kuchimba, uko karibu na maji. Hakujiuliza tu ni nani aliyeusawazisha. Kila kundi linaloshuka korongoni hutafuta pahali pa kula chakula, na kila kundi huvutwa na kile kipande cha mchanga kilicho tambarare kando ya kijito. Msikae hapo. Kaeni juu ya mwamba, hata ukiwachoma.

Dalili za maji yanayokuja ni chache na hazina subira. Kijito kilichokuwa angavu kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Majani, vijiti na povu vinaanza kupita. Upepo unaleta harufu ya udongo uliolowa huku ulipo ni pakavu. Mngurumo unasikika kama lori linalopanda mlima, nao haupungui. Ikitokea moja tu, hamwitani kwanza wala hamrudi kuchukua mkoba. Mnapanda kando, kila mtu ukutani pale palipo karibu, mpaka juu ya ile alama ya nyasi. Kukimbia kufuata mto kunawaua watu kwa sababu maji yana kasi kuliko miguu na yanakwenda njia hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeongoza ana kazi moja katika kila kona: kuonyesha kwa kidole, "tukitoka, tunatokea pale." Akifika mahali asipoweza kuonyesha, kama mita mia mbili za kuta wima bila pa kushika, basi kundi lipite haraka bila picha, au lisipite.

Shetani alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, hakumpa maneno ya kipagani. Alimpa zaburi: malaika watakuchukua mikononi mwao, "usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe." Jibu likawa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako" (Mathayo 4:7). Wapendwa, tuseme ukweli. Yako makundi yanayofunika safari kwa damu ya Yesu kwenye basi, kisha yanaingia korongoni saa nane mchana mwezi wa Aprili, kwa sababu basi lilichelewa kuondoka na nauli imeshalipwa. Nauli iliyolipwa ina sauti kubwa kuliko wingu. Sala ile ya kwenye basi ilikuwa njema, ila ilikuwa inaombwa imtumikie mwenyekiti aliyeona aibu kusema tuahirishe.

Dawa ya aibu hiyo ni saa iliyoandikwa mapema. Katika nyanda zetu za juu mvua nyingi huja alasiri, na giza linaingia kabla ya saa moja jioni, tena korongoni linatangulia. Ondokeni Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Mkiwa langoni saa tatu, na mnataka kuwa nje ya korongo saa tisa, mna saa sita. Gawanyeni kwa tatu: saa mbili za kwenda, saa mbili za kurudi, saa mbili za akiba, kwa sababu kurudi ni kupanda, magoti yamechoka, na daima yuko mmoja aliyevaa kiatu kibaya. Saa ya kugeuka basi ni saa tano. Itangazwe ndani ya basi, kila mtu aisikie. Ikifika saa tano na maporomoko hamjayaona, geukeni, hata kama mnayasikia. Hapo ndipo patakapokuwa pagumu, na hapo ndipo Mithali 22:3 itakapotafuta mtu wa kuitii.

Mengine kwa ufupi. Kundi la watu thelathini ligawanywe kumikumi. Aliye mzito wa mwendo atembee mbele, nyuma kabisa awepo mshika mkia asiyepitwa na mtu yeyote, na mhesabiane kila njia inapogawanyika. Maji lita mbili hadi tatu kwa kila mtu, wala msinywe ya mtoni. Mayai ya kuchemsha, ndizi, njugu karanga na viazi vitamu vinawafaa kuliko soda na biskuti. Simu hufa mtandao kati ya kuta, basi mtu aliyebaki Nairobi awe na idadi yenu, namba ya gari, na saa ambayo asipopata habari atapiga 999 au 112.

Kuhusu viatu tukae kidogo, maana humo ndimo wengi huumia. Raba za mjini zilizokwisha nyayo zinateleza kwenye jiwe lenye utando wa kijani kama sabuni. Kanyaga palipokauka na penye mikwaruzo, hatua fupi, mguu mzima chini, na unaposhuka pabaya viungo vitatu viwe vimeshika kabla cha nne hakijasogea. Kaza kamba za kiatu juu, kwenye kifundo, kabla ya kushuka. Zikilegea, mguu unateleza mbele na kucha za vidole vikubwa zinakuwa nyeusi jioni hiyo. Kucha zikatwe siku mbili kabla. Mkivuka kijito, fungueni mikanda ya mikoba kiunoni ili ukianguka uweze kuuachia. Elekezeni uso kule maji yanakotoka, na fimbo mbele. Maji yakipita goti na yanakimbia, hayavukwi.

Mkiyafikia maporomoko, msisimame chini yake. Maji hayashuki peke yake. Hushusha mawe na magogo. Kule Nyahururu maji ya mto Ewaso Narok huanguka mita 74, na manyunyu yake huilowesha njia ya chini hata siku ya jua kali. Dimbwi lililo chini ya maporomoko lina mkondo unaovuta kwenda chini, kwa hiyo halifai kuogelewa. Juu nako, ukingo ni wa kutazamwa kwa mbali. Anayepiga picha anarudi nyuma hatua moja zaidi, na hatua hiyo haina ardhi.

Sasa ibada. "Kilindi chapigia kelele kilindi kwa sauti ya maboromoko ya maji yako," asema Zaburi 42:7, na aliyewahi kusimama karibu anajua kelele hiyo humeza kila kelele nyingine, pamoja na mngurumo wa mafuriko na filimbi ya mshika mkia. Kisha sisi tunafanya nini? Tunaunda duara kwenye mchanga, tunashikana mikono, tunafumba macho, watu thelathini, dakika ishirini. Bwana kule Gethsemane alisema, "Kesheni, mwombe," na kukesha kulitajwa kwanza. Sifa zenu ziimbwe juu ya mwamba, zaidi ya alama ya nyasi, fupi. Na mmoja wenu, aliyechaguliwa tangu Nairobi, asifumbe macho: asimame kando na filimbi mdomoni, uso kule maji yanakotoka, mpaka mseme Amina. Yeye ataomba kwenye basi.