Nilivyojifunza Kupima Chaji ya Tochi

Mwezi Julai huku Matamba, wilayani Makete, baridi huanza kuuma kabla jua halijazama, na asubuhi majani ya malisho huwa meupe kwa sakitu. Usiku mmoja wa mwezi huo mtamba wangu alishikwa na uchungu, na kwa kuwa ulikuwa uzao wake wa kwanza nilijua kazi ingechukua saa nyingi. Nilitwaa tochi ya kuchaji iliyokuwa imetundikwa ukutani, ambayo jioni ile ile ilikuwa imewasha taa yake ya kijani kuonyesha kwamba imejaa, nikaenda bandani pamoja na mjukuu wangu. Hazikupita dakika 15. Kwato za mbele za ndama zilikuwa zimeshatokea na kamba iko mikononi mwangu, mwanga ukaanza kunywea, kisha ukazimika kabisa. Mjukuu alibaki akiipigapiga tochi kwenye kiganja huku akisema, “Babu, lakini ilikuwa kijani!”

Ndama tulimtoa kwa mwanga wa simu, na alikuwa mzima. Lakini maneno ya yule mtoto hayakuniacha, kwa sababu alikuwa na haki ya kushangaa. Sisi tuliokua na tochi za betri kubwa na balbu ya waya tulikuwa na dalili zetu: betri zikichoka mwanga ulikuwa wa njano, kisha mwekundu kama kaa la moto, na mtu alijua mapema kwamba kesho atazianika juani ili apate siku moja au mbili zaidi. Taa ya LED haina adabu hiyo. Mwanga wake hubaki mweupe hata unapopungua, na katika tochi zenye saketi ya kusawazisha mwanga hata kule kupungua hukuoni, kwa kuwa huwaka kwa nguvu ile ile hadi karibu na mwisho kisha hukatika ghafla. Kwa hiyo macho hayatoshi tena, na taa ya kijani, kama nilivyokuja kuelewa, haisemi kile tunachodhani inasema.

Wiki iliyofuata nilishuka zile kona 57 za barabara ya mlimani hadi Chimala, nikapanda basi la Mbeya, na pale Mwanjelwa nikamtafuta fundi mmoja kijana anayetengeneza redio na simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafungua kitako cha tochi na kutoa betri ya lithiamu ya aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Akazungusha kitufe cha mita yake ya kupimia umeme hadi kwenye volti 20 za umeme wa betri, akagusisha waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Mita ikasoma 4.15. “Mzee, hii imejaa,” akasema, nami nikaanza kujiona mjinga niliyesafiri bure.

Kisha akachukua balbu ya breki ya gari iliyounganishwa na vipande viwili vya waya, akaiunganisha kwenye betri ile ile huku mita ikiwa bado imegusishwa. Uzi wa balbu ukawa mwekundu kidogo, na namba kwenye mita zikaporomoka mbele ya macho yangu: 3.05, 2.98, 2.90, na kabla dakika haijatimia zilikuwa zimefika 2.7. Alipoondoa balbu, namba zikapanda zenyewe hadi karibu na 3.9, kana kwamba hakuna lililotokea. Akaweka betri nyingine, aliyoitoa kwenye kompyuta ya mkononi iliyokufa. Bila mzigo, yaani bila balbu, ilisoma 4.10, na balbu ilipounganishwa ikashuka hadi 3.95, ikatulia hapo.

Maelezo yake nayaandika kwa maneno yangu. Betri inapozeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani kile kinachozuia umeme kupita, huongezeka na nafasi ya kuhifadhi chaji hupungua. Inafanana na debe ambalo kila mwaka mtu analitumbukizia mawe: ukilitia maji yatafika ukingoni kama kawaida, lakini ukiyamimina utapata kikombe kimoja. Volti za betri iliyopumzika hukuonyesha usawa wa maji tu, wala hazikuambii mna mawe mangapi ndani. Saketi ya kuchajia iliyomo ndani ya tochi nayo haijui zaidi ya hapo. Inapandisha betri hadi volti 4.2, inasubiri mkondo wa umeme unaoingia upungue hadi kiasi kidogo, ambacho kwa kawaida ni sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, halafu inazima taa nyekundu na kuwasha ya kijani. Maana ya kijani ni kwamba kuchaji kumekoma, basi.

Nilipotafakari njiani nikirudi, nikakumbuka kwamba ile tochi ilikuwa imenipa dalili ambayo niliifurahia badala ya kuiogopa. Ilipokuwa mpya ilichukua zaidi ya saa 4 kugeuka kijani, na miezi ya mwisho ilikuwa ikigeuka ndani ya dakika 40, nami nikawa naisifu kwamba inajaa haraka. Ikiwa chaja inaingiza mkondo wa miliampea 500, betri iliyoisha chaji yenye nafasi ya miliampea-saa 2,000, yaani miliampea 500 kwa saa 4, haiwezi kujaa chini ya saa hizo 4, kwa hiyo inayodai kujaa kwa dakika 40 imekubali kupokea kidogo sana. Mtu asiye na mita wala balbu anaweza kutumia kipimo hiki peke yake, kwa kuangalia saa anapochomeka tochi na anapoichomoa.

Mimi nilinunua mita, kwa shilingi 15,000, na fundi akanipa balbu ya breki bila malipo. Desturi niliyojiwekea ni hii: betri ikitoka kwenye chaji naiacha itulie kwa saa moja, kwa sababu mara tu baada ya kuchajiwa volti huwa zimevimba kidogo, halafu ndipo naipima. Ikisoma 4.1 hadi 4.2 imejaa. Kati ya 3.7 na 3.8 ninaihesabu kuwa ipo nusu, ingawa eneo hilo la katikati volti husogea polepole sana na kosa dogo la mita linaweza kukupotosha. Ikifika 3.5 naichaji hata kama bado inawaka, na sikubali ishuke chini ya 3, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyokaushwa mno huharibika, na iliyoshuka chini ya 2.5 ikalala hivyo muda mrefu inaweza kuwa ya hatari ikichajiwa tena. Baada ya kipimo hicho naunganisha balbu kwa nusu dakika na kutazama zimeshuka kiasi gani. Zikishuka kwa 0.2 sina wasiwasi, zikishuka kwa nusu volti nzima betri hiyo haiendi bandani.

Kuna kosa moja nililifanya ambalo ningependa mwingine asilirudie. Siku moja nilikuwa nimehamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu lake la ampea 10 ili nijue tochi inakula mkondo kiasi gani, na jioni nikasahau kuurudisha, nikagusisha ncha zote mbili kwenye betri nikidhani ninapima volti. Mita ikiwa kwenye tundu hilo ni kama kipande cha waya mtupu. Cheche iliruka mezani, ncha ya waya ikaacha doa jeusi kwenye kitako cha betri, na vidole vyangu vilisikia moto kabla sijaviondoa. Tangu siku hiyo waya mwekundu haukai kwenye tundu la ampea hata dakika moja baada ya kazi.

Baridi nayo ilinichanganya kwa muda. Betri iliyopimwa vizuri jikoni, karibu na mafiga, ilionekana imechoka ilipolala bandani usiku kucha, kisha ikapona yenyewe ilipoletwa ndani. Haikuwa imepoteza chaji, bali ubaridi huongeza ukinzani wa ndani kwa muda, na volti hushuka zaidi tochi inapowashwa. Kwa hiyo kipimo changu hukifanyia ndani ya nyumba kila mara ili nilinganishe mwezi na mwezi, na usiku wa kazi tochi hukaa ndani ya koti hadi inapohitajika. Zaidi ya hayo, asubuhi ya sakitu siichaji tochi iliyolala nje mpaka ipate joto, kwa sababu betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi huumia ndani kwa namna isiyotibika.

Hata hivyo, kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mita. Mara moja kila baada ya miezi mitatu naijaza tochi, naiwasha kwa mwanga mkubwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza redioni, naielekeza ukutani, na mjukuu anaandika kwenye daftari dakika ambayo hatuwezi tena kusoma maandishi ya kalenda iliyopo pale. Hapo huizima, hatuisubiri ikauke. Ile betri ya kompyuta, niliyoondoka nayo kwa fundi, iliandikwa saa 3 na dakika 40 mara ya kwanza, na saa 3 na nusu mara iliyofuata. Nyingine mpya niliyonunua mnadani, iliyoandikwa ubavuni miliampea-saa 9,900, ilidumu dakika 50. Baadaye nilikuja kujua kwamba betri za ukubwa huo haziwezi kubeba chaji nyingi hivyo, kwani hata zilizo bora kabisa hazifiki nusu yake, na kwamba nzima huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Muuza dagaa aliniwekea yangu kwenye mzani wake mdogo: gramu 28.

Nyumbani tunayo pia tochi moja ya zamani yenye betri ya madini ya risasi ya volti 4, ile inayochomekwa ukutani moja kwa moja. Taa yake nyekundu huwaka muda wote ikiwa imechomekwa, na niligundua kuwa huwaka hata betri ikiwa imetolewa, kwa hiyo inathibitisha tu kwamba umeme wa nyumba upo. Tochi za namna hiyo zisifunguliwe zikiwa zimechomekwa, maana sehemu za ndani hubeba umeme wa ukutani. Betri yake ina vyumba viwili vya volti 2 kila kimoja, na ikijaa ikapumzika inapaswa kusoma 4.2 au zaidi kidogo. Yetu ilikuwa ikikaa miezi bila kuchajiwa, jambo ambalo betri ya risasi hailivumilii, na nilipoipima baada ya usiku mzima kwenye umeme ilisoma 2.1. Chumba kimoja kilikuwa kimekufa. Inatoa mwanga hafifu wa kuonea njia, na tumeitundika mlangoni mwa choo, ambako ikizimika hakuna anayepoteza ndama.