Mashine Haiokoi Sampuli Mbovu

Vijana wa maikrobiolojia hapa Mombasa wakivutiwa na protiomiki, yaani uchunguzi wa protini zote za kiumbe kwa pamoja, swali la kwanza huwa ni mashine ya kupima uzito wa molekuli: iko wapi, na nani atawafunza kuiendesha. Kwangu hilo ni swali la mwisho. Mtafiti wa protini za vimelea hupikwa benchini, na benchi la pwani lina taabu zake: joto, unyevu, na stima inayopotea bila hodi.

Chukua vibrio, bakteria wa majini, maana bahari ni jirani. Kwenye agari ya TCBS, chakula maalumu cha kuoteshea vibrio, Vibrio cholerae, yule wa kipindupindu, huota makoloni ya manjano kwa kuwa huchachusha sukrosi. Vibrio parahaemolyticus, yule wa kamba na chaza, kwa kawaida huwa kijani. Usivune protini kutoka sahani hiyo. Chumvi za nyongo zilizomo zitakuvurugia vipimo. Hamishia kwanza kwenye agari ya kawaida, uache nyuzi 37 hadi kesho yake.

Kisha inakuja urea. Wengi huvunja seli kwa urea ya 8 M (moli 8 kwa lita), halafu wakiona punje haziyeyuki wanaipasha moto. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Urea ikipata joto hutoa sayaneti, nayo hunasa kwenye laisini, mojawapo ya asidi amino za protini, na kuongeza daltoni 43 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, haikati tena mahali hapo, na programu ya kusoma matokeo inakuletea peptidi (vipande vya protini) chache usielewe zimeenda wapi. Urea itengeneze siku ile ile, na ukiyeyusha, subiri tu. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Machi tayari kina joto la kutosha kukuletea hasara, kwa hiyo ile iliyobaki jana imwage.

Kabla ya tripsini, punguza urea kwa bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya amonia bikabonati ya 50 mM hadi ishuke chini ya 1 M, pH iwe karibu 8. Tripsini weka mikrogramu 1 kwa kila mikrogramu 50 za protini. Kama ulitumia PMSF kuzuia vimeng'enya vya bakteria, kumbuka inazuia hata tripsini yako. Safisha protini kwanza kwa asetoni baridi, ujazo mara 4 wa sampuli, kwenye friza ya nyuzi -20. Ukimwaga asetoni, usikaushe donge hadi lipasuke. Halitayeyuka tena kirahisi.

Halafu feni. Najua ni hari, lakini feni ya dari ikizunguka juu ya mirija iliyo wazi huidondoshea vumbi la ngozi na nywele, yaani keratini, na ukiwa na protini kidogo, hiyo keratini ndiyo itakayotawala matokeo. Izime dakika hizo chache, uvae glavu na mikono mirefu isiyo ya sufu. Ukiona kwenye grafu ya mashine safu ya vilele vinavyopishana kwa daltoni 44, usilaumu bakteria: ni polietilini glaikoli, mara nyingi kutoka sabuni iliyooshea vyombo.

MALDI-TOF, mashine ya kupima uzito inayotambua bakteria kwa protini za daltoni 2,000 hadi 20,000, nyingi zikiwa za ribosomu, ni ya haraka kweli, ila isikupumbaze. Itakwambia ni Vibrio cholerae. Kama anatoa sumu ya kipindupindu, hilo litafute kwa PCR (kipimo cha kuzidisha DNA) ya jeni ya ctxA. Shigella na E. koli nao huichanganya kila mara. Na matone ya matriksi, kemikali inayochanganywa na sampuli kabla ya kupimwa kwa MALDI, yakikauka polepole kwa unyevu wetu, fuwele huwa kubwa na zisizo sawa, kipimo kikayumba.

Ukilazimika kupeleka sampuli Kilifi au Nairobi, zipitishe kwenye C18, kichujio cha kusafishia peptidi, uzikaushe kwenye sentrifuji ya vakyumu, ndipo uzisafirishe. Peptidi kavu huvumilia safari kuliko protini iliyogandishwa ambayo itayeyuka njiani na kuganda tena. Gawa kila sampuli mirija 3, na mmoja ubaki kwako.