Nilivyoishusha TSH yangu bila kuongezewa dozi

Tangu nianze kutumia dawa ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambayo yangu imezembea, nimepata washauri wengi kuliko niliowapata nilipokuwa nikijenga nyumba, na karibu wote hawakuwahi kuiona karatasi yangu ya maabara. Mmoja aliniambia ni uvivu, wa pili akasema ni uzee, na wa tatu, jirani yangu hapa Langoni, alishikilia kwamba nimepungukiwa na ayodini, akaniletea mfuko wa mwani mkavu. Mtu aliyekulia Lamu kwa samaki, na ambaye chumvi yake ya dukani hutiwa ayodini kwa mujibu wa sheria, ana haja gani ya mwani? Isitoshe, kipimo cha kingamwili kilionyesha kwamba tezi yangu inashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, na tezi ya namna hiyo ikimiminiwa ayodini kupita kiasi yaweza kuzidi kuzorota. Mfuko niliurudisha kwa adabu.

Dalili sitazieleza kwa urefu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nikivaa sweta katikati ya joto la kaskazi, tumbo limefunga, sauti imekwaruza, na nilikuwa nikisinzia barazani hata watu wakaacha kunisemesha. Karatasi ya kwanza ilisoma TSH 38, ilhali kiwango cha maabara ile kilikuwa 0.4 hadi 4.0, na T4 huru, yaani homoni inayotoka kwenye tezi yenyewe, ilikuwa chini. Binamu yangu alipoiona alinipongeza kwa kuwa na homoni tele. TSH haitoki kwenye tezi ya shingoni, hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha ya shingoni ifanye kazi. Huyu wa shingoni akizembea, amri huzidi kupazwa. Kwa hiyo namba kubwa ni dalili ya upungufu. Nimelieleza jambo hili barazani mara nyingi kiasi kwamba sasa naitwa daktari, na sikatai.

Kwa sababu ya umri wangu, na kwa kuuchelea moyo, nilianzishiwa levothairoksini, ambayo ni T4 hiyo hiyo kwa umbo la kidonge, mikrogramu 25, ikawa ikipandishwa hatua kwa hatua. Mwanangu hakuwa na subira. Akanisukuma nikapime tena baada ya majuma mawili tu, nikalipa shilingi elfu mbili na ushei, na TSH ikawa imeteremka kidogo mno. Kijana wa duka la dawa akaitazama karatasi, akasema, "Ami, dozi hii haikufai, meza mbili mbili." Nilimshukuru, nikaenda zangu. Dawa hii huchukua takriban juma zima kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kiwango chake hakitulii mpaka zipite wiki tano au sita, na TSH nayo hufuata nyuma yake. Ndiyo maana daktari husema tupime baada ya wiki sita hadi nane tangu dozi kubadilishwa. Kupima kabla ya hapo ni kuitajirisha maabara.

Nilikuwa karani kwa umri wangu wote wa kazi, na ukarani huu ndio ulionifaa. Nina daftari lenye safu za tarehe, TSH, T4, vipimio vyake, dozi, saa ya kumeza, na kilichofuata kuingia mdomoni. Safu ya vipimio ilijilipa mapema. Maabara moja ya Mombasa iliandika T4 huru kuwa 11.6, na nyingine, baadaye, ikaandika 0.9. Nyumbani pakawa na taharuki, wakidhani tezi imekufa kabisa. Mimi nikavaa miwani, nikasoma zile herufi ndogo mwishoni mwa mstari: ya kwanza ilikuwa pmol/L, ya pili ng/dL. Ukizidisha 0.9 kwa 12.87 unapata 11.6 ile ile. Chai ikaendelea kunywewa.

Safu ya mwisho ndiyo ninayojivunia zaidi. Nilipofika mikrogramu 100 TSH ilikwama kwenye 11, na daktari akataka kunipandisha hadi 125. Nikamwomba anisubirie miezi miwili, kwani safu ile ilikuwa ikinikonyeza. Kila asubuhi iliandikwa vilevile: dawa kwa maji baada ya sala ya alfajiri, halafu kahawa. Nilikuwa nimeambiwa nisile kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, na nilitii kwa uaminifu. Mahamri yalikuwa yakinisubiri chini ya kawa. Lakini nani Lamu huihesabu kahawa chungu kuwa chakula? Muuzaji anapita na dele lake, vikombe vikigongana mkononi, tangawizi inanukia kichochoro kizima, nami namaliza vikombe vitatu kabla kidonge hakijayeyuka. Kahawa huzuia sehemu ya dawa hii isifyonzwe na utumbo. Kuacha kahawa sikukufikiria hata kidogo. Nilikihamisha kidonge usiku: chakula baada ya magharibi, kisha maji matupu, na dawa saa nne na ushei wakati wa kulala, zikiwa zimepita zaidi ya saa tatu tumbo likipumzika. Dozi ilibaki ile ile 100, na karatasi iliyofuata ilisoma 2.3. Daktari alilifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Mzee, basi dozi hatuigusi."

Ramadhani ikauvuruga mpango wangu, maana baada ya tarawehe mezani hakuishi kitu. Wengine huimeza wakati wa kufuturu, lakini kuiangalia tende kwa nusu saa baada ya adhana ni mtihani nisioutaka. Mimi huamka kama saa nzima kabla ya kula daku, nikameza kwa gilasi ya maji niliyoifunika kando ya kitanda, nikasali rakaa zangu, na daku hunikuta tumbo limeshamaliza kazi. Nikipitiwa na usingizi siku moja, sipagawi, kwa kuwa akiba iliyomo mwilini haiishi kwa usiku mmoja.

Shemeji yangu, ambaye ana maradhi haya haya, alikuwa akimeza vidonge vya madini ya chuma pamoja na levothairoksini kwa mkupuo mmoja, kwa vile zahanati ilimpa vyote siku moja. Madini ya chuma na kalisi huishika dawa hii tumboni isipite, kwa hiyo nimemwandikia kwenye pakiti kwa kalamu nyekundu: thairoidi alfajiri, chuma adhuhuri. Atapima mwezi ujao, na nimeshamchorea safu za daftari lake.