Ahadi kwa kilomita: kutoka Kabwe hadi Tukuyu

Mtoto wa dada yangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 31. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 ndiye tunayemwita njiti, na mimi nilidhani kila njiti anawekwa kwenye mashine ya joto. Kumbe nesi alimlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akamvalisha kofia ya sufu na kumkaza kwa kanga. Mtoto wa aina ile hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, joto humtoka upesi, na baridi ya Mbeya mnaijua. Njia hiyo wanaiita kangaruu. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali ambako watoto walikuwa wengi kuliko mashine. Dada alikaa hivyo mchana na usiku, shemeji akimpokea jioni baada ya kazi. Nilichokiona kwa macho yangu ni benchi alilokalia: mbao tupu, halina pa kuegemea, na mama yuko na kidonda cha upasuaji.

Ndiyo maana vijana wa mtaani kwetu walipotangaza msafara wa baiskeli wa kuchangia viti vya kuegemea na mablanketi ya wodi ile, nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Sijawahi kuendesha baiskeli umbali wa zaidi ya sokoni na kurudi. Safari ilipangwa Novemba, karibu na tarehe 17 ambayo ni Siku ya Watoto Njiti Duniani, kutoka Kabwe, hapa jijini Mbeya, hadi Tukuyu. Ni kama kilomita 70.

Utaratibu ulikuwa wa ahadi kwa kilomita. Unamfuata mtu, unamwomba aandike atatoa shilingi ngapi kwa kila kilomita utakayokanyaga. Hapa nilijifunza jambo linaloniuma mpaka leo. Watu wale wale wanaotoa laki kwenye kamati ya harusi bila kuuliza swali walinihoji kana kwamba naomba mkopo. Simaanishi tuache kuchangia harusi. Ninasema daftari lile lile lina nafasi ya mtoto wa kilo moja na nusu. Mama mmoja anayeuza viazi Mwanjelwa aliandika shilingi 100 kwa kilomita, akiwa amesimama, bila maneno mengi. Mzee jirani yetu aliandika 500, kisha akaniangalia: "Mwanangu, ukipanda gari tu, hesabu yangu inaishia hapo."

Tuliondoka Kabwe alfajiri, kila mmoja na utepe wa zambarau mkononi. Soweto, Nane Nane, Uyole, huko kote ni barabara kuu na kazi yako ni kukaa pembeni mbali na malori. Pale Uyole tukakata kulia kuelekea Tukuyu, tukapita Igawilo, na mlima ukaanza.

Mlima wa Isyonje hauna ukatili wa ghafla. Unapanda, unakata kona, unapanda tena. Niliweka gia nyepesi kabisa, macho nikayashusha kwenye tairi la mbele, nikawa nahesabu nguzo za umeme. Fuso za viazi zilitupita zikiguruma, magunia ya lumbesa yamefumuka juu. Halafu akatupita kijana mmoja kwa miguu, anasukuma baiskeli ya Phoenix isiyo na gia yenye gunia zima kwenye karia, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya gunia. Akasema, "Kaza kaka, kilele hicho hapo," na hakikuwa hapo hata kidogo. Lakini lile neno lilinibeba.

Juu kulikuwa na ukungu mzito. Tukasimama kwa akina mama wanaouza viazi vya kuchemsha kando ya barabara. Mmoja akauliza ule utepe ni wa nini. Nilipomweleza, akaacha kupepea moto. "Wa kwangu tulimlaza kwenye pamba, karibu na jiko," akasema. "Hakuna aliyetuambia mambo ya kifuani. Sasa yuko darasa la tano." Akafungua fundo la kitenge, akatoa noti moja, akaikunjua kwa vidole vyenye masizi na kuninyooshea. Nilipoikataa alikasirika kweli: "Kwani hao watoto ni wa mjini tu?" Nikaipokea kwa mikono miwili.

Kushuka kuelekea Kiwira ndiko kulikonitisha. Mvua ilianza. Breki za raba haziumi vizuri rimu ikilowa, unabana na baiskeli inaendelea tu kuteleza. Kiongozi wetu alipiga kelele tubane kidogo kidogo mapema, maji yafutike kwenye rimu, ndipo breki ishike, na tuachiane nafasi kubwa. Vidole vilikufa ganzi. Kushoto kwangu Mlima Rungwe haukuonekana kabisa, ila harufu ya migomba iliyolowa ilinijulisha kuwa tumeingia kwa Wanyakyusa. Vilima vya mwisho kuelekea Tukuyu nilivikanyaga nikiwa siwazi kitu isipokuwa lile benchi. Watoto wa shule walitukimbilia pembeni wakiimba, na tulipofika mjini bibi mmoja akaniambia, "Ndaga fijo," ahsante sana, wakati mimi ndiye niliyetaka kumshukuru mtu.

Kukusanya ahadi kulichukua muda mrefu kuliko safari. Mama wa Mwanjelwa alilipa siku ya kwanza, shilingi 7,000 kamili, noti zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Jirani yetu aliuliza kwanza kama ni kweli sikupanda gari, akamuuliza na mwenzangu, kisha akatuma 35,000 kwa simu. Baadhi ya waliovaa suti kwenye kamati za harusi niliwapigia mpaka Januari. Viti vilinunuliwa, na mablanketi pia. Dada alikwenda kuviona akiwa na mtoto mgongoni, akakalia kimoja, akaegemea.

Safari iliyofuata nilianza kupitisha daftari mwezi wa 8, kabla kadi za harusi za Desemba hazijaanza kusambazwa.