Orodha ya Waliotozwa Faini

Faili lilikuwa jembamba kuliko nilivyotarajia. Mhudumu wa chumba cha kusomea aliliweka mezani, akanikumbusha kwamba kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu, kisha akarudi kwenye kiti chake kuendelea na gazeti. Ilikuwa mwaka 2004, niko mwaka wa mwisho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, natafuta mali ghafi ya tasnifu yangu pale Nyaraka za Taifa, Upanga. Karatasi zenyewe zilikuwa nakala za kaboni, laini mno, maandishi ya ukurasa wa chini yanaonekana kupitia wa juu. Pini zilizozishika ziliota kutu zamani na kuacha doa la kahawia kwenye kila pembe.

Habari iliyokuwamo ilihusu kwetu: Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliona Waluguru wanaimaliza milima yao. Wanalima miteremko mikali, wanachoma mashamba, udongo unashuka na mvua mpaka mto Ruvu. Dawa waliyoandika ni matuta ya ngazi. Kila mwenye shamba achimbe, asiyechimba apelekwe mahakama ya wenyeji akatozwe faini. Wasiwasi wao haukuwa wa kubuni, hilo niliseme mapema. Aliyewahi kuuona Ruvu baada ya mvua za masika anajua maji yake yanabeba nini.

Ila kilichojaa kwenye faili ni hesabu. Yadi za matuta yaliyochimbwa mwezi huu, yadi za mwezi uliopita, upande upi unasuasua. Nilifunua mpaka mwisho nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba baada ya matuta mtu alivuna debe ngapi za mahindi. Sikupaona. Halafu ukifika Julai 1955 sauti ya barua inabadilika ghafla: umati umekusanyika Matombo, upande wetu wa milima, mawe yamerushwa, polisi wamefyatua risasi, mtu mmoja amekufa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, na waandishi wa barua wakaona jawabu liko hapo, kwamba wachochezi wa siasa ndio waliowaharibu wakulima. Haukupita muda mrefu mpango ukafa.

Katikati ya karatasi hizo palikuwa na orodha ya waliotozwa faini. Nikateremsha kidole, nikagota kwenye jina la kaka mkubwa wa babu yangu. Limekosewa herufi mbili, lakini ni lenyewe, na kijiji ni chetu. Nikajaza fomu ya kutolewa nakala, nikalipa, na Ijumaa nikapanda basi la Morogoro.

Huyo ninayemwita babu ni mjomba wa mama yangu. Sisi Waluguru ukoo unakwenda kwa mama, kwa hiyo mwenye kauli juu ya mashamba yetu ni yeye, baba yangu hana neno hapo. Kutoka Msamvu nilipata Land Rover iliyoshehena watu, magunia na kreti za soda, tukala vumbi mpaka Matombo, kisha nikapandisha kwa miguu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba. Umekuja kuolewa au umefukuzwa shule?"

Nilipomweleza nilichobeba alimwagiza mtoto akamwite jirani yake, mzee wa rika lake, maana habari kama hiyo, alisema, haisikilizwi na mtu mmoja. Tukakaa barazani. Nikawa nasoma zile barua na kuwageuzia kwa Kiswahili, aya baada ya aya. Kwenye yadi za matuta walicheka mpaka babu akakohoa.

"Bwana shamba alikuwa anapita njia kuu," alisema jirani. "Basi sisi tunachimba yale yanayoonekana kutoka njiani. Huko nyuma nani apande?"

Nilimuuliza babu kwa nini hasa walikataa, maana faili linasema walidanganywa. Hakujibu. Alichukua panga akaniambia nimfuate.

Nyuma ya mgomba wa mwisho mteremko ulikuwa na mkunjo, kama ngazi iliyolika, umeota nyasi. Ndilo tuta. Miaka karibu 50 na bado lipo. Babu alisogea hatua chache kando, mahali ambapo hapakuwahi kuchimbwa, akazamisha panga na kupasua ardhi. Juu palikuwa na udongo mweusi wenye mizizi, unene wake haufiki kiganja, na chini yake mwekundu mtupu, mgumu, unang'aa pale panga lilipopita.

"Huu mweusi ndio unaotulisha," alisema. "Ukikata ngazi unaufukia huu, halafu unapanda kwenye huu mwekundu. Mwaka wa kwanza tulipata mahindi ya kuku. Mwaka wa pili unaambiwa chimba tena."

Baadaye chuoni nilikuta wataalamu wameandika jambo hilo hilo kuhusu upande huu wa milima, kwamba ngazi zilileta juu udongo usio na rutuba. Babu hakuwa amewasoma.

Akaendelea kunieleza mengine tukiwa tumesimama pale pale. Shamba ni la ukoo. Asiye wa ukoo analima kwa kuomba na kutoa ngoto, yaani malipo ya kutumia shamba, kwa mwenye ukoo. Sasa mtu wa kuomba akichimba matuta kwa jasho lake, kesho anaondokaje? Anakuwa amejipatia dai. Na juu ya hayo watu walishika kwamba ardhi ikishatengenezwa vizuri, Mzungu ataitaka. Nilimuuliza kama walikuwa na ushahidi. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kama moto unaunguza.

Nisimpake babu mafuta, hata hivyo. Alinisimulia walivyokuwa wakilaza magugu kukinga mteremko, walivyoacha shamba lipumzike miaka kadhaa, walivyokatazwa kugusa miti ya mahali pa matambiko. Ni kweli. Lakini juu ya vichwa vyetu, wakati anasimulia, upande mzima wa kilima ulikuwa mweusi kwa moto wa kiangazi kile. Nilimwonyesha.

"Hayo ya watoto wa siku hizi," alisema, akafuta panga kwa jani la mgomba.

Upande wa pili wa milima, Mgeta, watu wana ngazi zao mpaka leo na hawajachukuliwa mahakamani na yeyote. Wanapanda kabeji, karoti na viazi, mboga zinashuka mjini na fedha inarudi. Mwalimu wangu alipenda sana kunikumbusha hilo kila nilipokuwa tayari kuandika kwamba Waluguru hawapendi matuta. Vilevile alikuwa akinitajia wanawake wa Murang'a, Kenya, waliogoma kuchimba matuta mwishoni mwa miaka ya 1940, ili nisidhani Matombo ilikuwa peke yake. Nadhani alichotaka nikione ni kwamba swali lilikuwa nani anaamua na nani anachimba, na mimi nilichelewa kukiona kwa sababu faili lilinishughulisha na yadi.

Tuliporudi barazani nikatoa ile orodha. Hapa mambo yakachangamka kweli. Babu alisahihisha jina la kaka yake, akataka nifute na kuandika upya, nikafanya hivyo kwa penseli kwenye nakala. Kisha wakaanza kwenda jina kwa jina. Huyu alilipa kwa kuuza mbuzi. Huyu alilipiwa na shemeji yake. Huyu hakuwa na shamba kabisa, wamemtoza la nani? Wakanitajia wengine waliotozwa ambao karatasi haikuwataja, na pembezoni mwa nakala yangu pakajaa.

Kwenye jina moja wakakwama. Jirani alisema yule hakutozwa chochote, alikimbilia mashamba ya mkonge Kimamba kabla ya matuta hayajafika kwake. Babu akasema ametozwa, jina si hili hapa limeandikwa? Jirani akamuuliza tangu lini anaamini karatasi za Wazungu, na asubuhi nzima amezicheka. Sauti zikapanda. Mtoto aliyekuwa akichezea kreti akahamia uani. Nikaandika maelezo yote mawili kando ya jina na kuanza kufunga mkoba, maana Land Rover ya kurudi mjini haingojei mtu.

Bibi alikuwa jikoni muda wote huo. Alitoka na ndizi za safari, akawa ananifungia kwenye kanga, na bila kuwageukia wale wazee akaniambia taratibu kwamba yule mtu alitozwa faini na pia alikimbilia Kimamba, kwa kuwa hakuwa nayo ya kulipa. Nikamuuliza anajuaje.

"Si kaka yangu?" alisema. "Hawa hawajaniuliza."